SADC si askari na malori tu: Congo inapoteza upande wa masomo

Kwa mkaaji wa Goma au wa Sake, neno SADC lina maana moja: askari. Kuanzia Desemba 2023 watu wa Kivu Kaskazini waliona wanajeshi wa Afrika Kusini, Tanzania na Malawi wakifika kwa jina la jumuiya hiyo. Wakaona vita vya Januari 2025. Kisha wakasikia kwamba tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa nchi wamekata shauri la kumaliza kazi hiyo na kuwarudisha askari makwao. Kwa mkaaji wa Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, SADC ni malori. Ni ule mstari usioisha wa magari yenye shaba na kobalti yanayoelekea Durban, Dar es Salaam, Walvis Bay na Beira, na mengine yanayoingia na unga wa mahindi, saruji na asidi ya kuyeyushia mawe ya madini.

Kuna SADC ya tatu ambayo Wakongomani wachache wanaijua. Ni ile ya wanafunzi, walimu na watafiti. Imeandikwa kwenye mikataba, na Congo imekuwa mwanachama kwa zaidi ya robo karne. Lakini muulize kijana aliyemaliza examen d'état huko Bukavu, Kalemie au Likasi kama amewahi kuambiwa kwamba vyuo vikuu vya nchi jirani viliahidi kumwekea nafasi. Atakuangalia kama mtu anayetania.

Ahadi hiyo ipo. Tarehe 8 Septemba 1997, mjini Blantyre, Malawi, wakuu wa nchi za kusini mwa Afrika walikubali Congo iingie katika jumuiya yao. Laurent-Désiré Kabila hakuwa na hata miezi minne madarakani. Siku hiyo hiyo, mjini humo humo, ulitiwa sahihi mkataba wa SADC kuhusu elimu na mafunzo. Mkataba huo unasema vyuo vikuu vya kila nchi vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine za jumuiya. Unasema pia kwamba ndani ya miaka 10 tangu uanze kufanya kazi, mwanafunzi kutoka nchi mwanachama ahesabiwe kama mwenyeji kwa malipo ya masomo na makao. Mkataba ulianza kufanya kazi Julai 2000. Mtu anaweza kuhesabu mwenyewe: muda uliisha Julai 2010.

Asilimia 5 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Lakini chuo kinachopokea wanafunzi wapya 4.000 kwa mwaka kingekuwa na viti 200 kwa majirani. Ukizidisha kwa vyuo vya serikali vya nchi 16 za jumuiya, unapata idadi ambayo ingeweza kubadilisha kizazi kizima cha wahandisi, waganga na walimu wa sayansi. Mzazi wa Kivu anayeuza ng'ombe au shamba ili mtoto akasome mbali anajua kiti kimoja kina thamani gani.

Ni nani ametimiza ahadi? Afrika Kusini ndiyo imekaribia zaidi. Vyuo vyake vingi vya serikali vinawalipisha wanafunzi wa SADC karibu sawa na wenyeji, ijapokuwa vingine vinaongeza malipo ya ziada kwa mgeni. Ndiyo maana Wakongomani wengi wamesoma Johannesburg, Pretoria na Cape Town. Lakini huyo huyo mwanafunzi wa Congo anayehesabiwa kama ndugu kwenye ofisi ya malipo, anahesabiwa kama mgeni kamili kwenye ofisi ya visa. Mkataba mwingine wa SADC, ule wa kurahisisha safari za watu, ulitiwa sahihi mwaka 2005 na umekaa miaka mingi ukingoja nchi za kutosha kuuridhia. Jumuiya inampa kijana kiti darasani na inamfungia mlango wa nyumba.

Congo nayo haina mikono safi. Mtu akilaumu majirani, aulize pia ni wanafunzi wangapi wa Malawi, Namibia au Msumbiji wanaosoma Lubumbashi au Kinshasa. Lugha ya Kifaransa inawazuia, ndiyo, lakini kuna mengine. Mwaka wa masomo unaoanza mwezi huu katika chuo hiki na mwezi mwingine katika chuo jirani, migomo ya maprofesa wasiolipwa vizuri, na karatasi ambazo ofisi ya nchi nyingine haijui kuzisoma. Mabadiliko ya LMD, yaliyoanza kutumika katika vyuo vyote mwaka wa masomo wa 2021-2022, yalikuwa na lengo zuri la kufanya diploma ya Congo ieleweke nje. Maprofesa wengi waliyapokea bila maandalizi, bila vitabu, na mara nyingine bila hata kuelezwa hesabu ya mikopo ya masomo inavyofanywa. Diploma imebadilika jina. Kama imebadilika uzito, hilo ni swali ambalo mwajiri wa Kitwe au Windhoek bado analiuliza.

Mpaka wa Kasumbalesa unaonyesha upotevu huu vizuri zaidi ya mahali pengine popote. Upande huu kuna Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichozaliwa katika miaka ya 1950 na chenye Polytechnique iliyofundisha wahandisi wa Gécamines kwa miongo mingi. Upande ule, kule Kitwe, kuna Copperbelt University iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa kazi ile ile: kufundisha watu wa migodi. Kati yao ni saa chache za gari, kama mpaka umefunguka na mvua haijaharibu barabara. Walamba na Wabemba wako pande zote mbili. Tabaka la mawe lenye shaba ni moja, linatoka Kolwezi linapinda mpaka Ndola bila kuonyesha pasipoti. Madini yanavuka kila siku, unga unavuka, mafuta yanavuka, waimbaji wa kanisa wanavuka. Profesa na mwanafunzi ndio wanaovuka kwa shida.

Betri iliyobaki kwenye hotuba

Tarehe 29 Aprili 2022 ilionekana kwamba jambo hilo litabadilika. Mjini Lusaka, Congo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kushirikiana kutengeneza betri za magari ya umeme, mbele ya Rais Félix Tshisekedi na Rais Hakainde Hichilema. Mwaka huo huo kilizinduliwa mjini Lubumbashi kituo cha Afrika cha utafiti wa betri, kinachojulikana kwa Kifaransa kama CAEB, ndani ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na lengo likiwa kufanya kazi pamoja na vyuo vya Zambia. Desemba 2022 Marekani nayo ikatia sahihi mjini Washington karatasi ya kuunga mkono mpango wa nchi hizo mbili. Kati ya Agosti 2022 na Agosti 2023 Tshisekedi alikuwa mwenyekiti wa SADC, na neno lililotajwa sana katika mkutano wa Kinshasa lilikuwa viwanda na kuongeza thamani ya madini. Ni nadra nchi kupata nafasi nyingi hivyo kwa wakati mmoja.

Hesabu nazo zilikuwa upande wa Congo. Kampuni ya utafiti BloombergNEF ilikuwa imeonyesha mwaka 2021 kwamba kujenga Congo kiwanda cha tani 10.000 za malighafi ya betri kungegharimu dola milioni 39, wakati kiwanda cha namna hiyo Marekani kingegharimu dola milioni 117. Wanasiasa waliirudia hesabu hiyo kila mahali. Walichosahau kusema ni kwamba kiwanda kinaendeshwa na watu, na watu hao hawaagizwi pamoja na mashine.

Ni vizuri msomaji aelewe kazi yenyewe, kwa sababu hotuba hazikuieleza. Kobalti inayoondoka Kolwezi na Fungurume kwa sehemu kubwa huondoka kama hidroksidi, unga wenye unyevu uliofungwa katika mifuko mikubwa. Ndani ya unga huo, karibu theluthi moja tu ndiyo kobalti. Kwa maneno mengine, Congo inalipa mafuta, barabara na ushuru wa njiani ili kusafirisha vitu ambavyo mnunuzi atavitupa. Unga ukifika China, unayeyushwa, unasafishwa mpaka uwe chumvi safi, halafu chumvi hiyo inachanganywa na ya nikeli na ya manganizi ndani ya pipa kubwa ambamo mtu anachunga joto, uchachu wa maji na mwendo wa kukoroga, saa baada ya saa. Akikosea kidogo, chembe zinatoka na umbo baya na betri inakufa mapema. Hiyo ni kazi ya mkemia aliyezoea. Haijifunzwi kwenye mkutano wa hoteli.

Hapa ndipo mtu anaona kwa nini Congo peke yake haitoshi. Kobalti iko Lualaba na Haut-Katanga. Manganizi iko Kisenge upande wa Congo na karibu na Mansa upande wa Zambia. Nikeli iko Zambia, kwenye mgodi wa Enterprise katika jimbo la Kaskazini-Magharibi. Chungu cha kupika betri kina viungo vya nchi mbili. Kama wakemia wa Lubumbashi na wa Kitwe hawafanyi kazi katika maabara moja, hakuna atakayejua kuvichanganya isipokuwa yule yule mnunuzi wa mbali.

Miaka imepita, na kiwanda cha pamoja hakijasimama. Kobalti inaendelea kuondoka kama unga. Februari 2025 serikali ya Congo ilisimamisha kabisa usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilianguka mno, na kuanzia Oktoba 2025 ikaweka kiasi maalumu kwa kila kampuni. Uamuzi huo ulitikisa masoko, na ulionyesha kwamba nchi yenye zaidi ya theluthi mbili za kobalti ya dunia ina nguvu inapoamua. Lakini kufunga bomba la maji hakumfundishi mtu ufundi wa mabomba. Kobalti iliyobaki ghalani ilibaki kuwa unga ule ule.

Pesa za kuanza zipo, bila hata kungoja mfadhili. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inagawa malipo ya madini kwa mafungu: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa wilaya na miji inakochimbwa, na 10 kwa mfuko wa migodi kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kizazi kijacho ni nani kama si maasistanti wa Polytechnique wanaozeeka bila kumaliza tezi kwa kukosa kemikali na mashine ya kupimia? Sehemu ndogo ya fungu hilo la asilimia 10, ikitolewa kila mwaka na kutangazwa hadharani, ingelipa watafiti vijana wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wakae miezi 6 Kitwe, na wale wa Kitwe wakae miezi 6 Lubumbashi. Hakuna hotuba inayohitajika.

"Vita kwanza, masomo baadaye"

Wapo watakaosema haya ni mazungumzo ya anasa. Mashariki inawaka moto, watu wako kambini, shule zimegeuzwa makao ya wakimbizi, benki za Goma zimefunga, na hapa watu wanazungumza juu ya asilimia 5 na mapipa ya kemikali. Hoja hiyo ina uzito, na anayeitoa mara nyingi ni mtu aliyepoteza ndugu. Haistahili kujibiwa kwa haraka.

Jibu liko katika historia ya kusini mwa Afrika yenyewe. Mwaka 1976, Namibia ilipokuwa bado mikononi mwa serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini, na vita vikipiganwa mpakani mwa Angola, Umoja wa Mataifa ulifungua mjini Lusaka chuo kwa ajili ya Wanamibia. Kiliwafundisha vijana waliokimbia nchi yao namna ya kuendesha wizara, mahakama, kilimo na hesabu za serikali ambayo haikuwepo. Mkurugenzi wake alikuwa Hage Geingob. Namibia ilipata uhuru mwaka 1990, miaka 14 baadaye. Geingob akawa waziri mkuu wake wa kwanza, na baadaye rais. Zambia, nchi maskini iliyokuwa ikishambuliwa kwa sababu ya kuwapokea wapigania uhuru, ilitoa ardhi na usalama.

Tanzania ilifanya vile vile. Mwaka 1978 chama cha ANC kilifungua shule Mazimbu, karibu na Morogoro, kwa vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mauaji ya Soweto ya 1976. Ikaitwa Solomon Mahlangu, jina la kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Nchi za Skandinavia zilitoa pesa, Watanzania walitoa shamba, na watoto walisoma hesabu na kemia wakati wazazi wao wakiwa gerezani. Shule hiyo ilifungwa mwaka 1992, na majengo yake leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Walioianzisha hawakungoja amani. Waliona kwamba amani ikija bila watu waliosoma, watu wengine ndio wataiendesha.

Linganisha na leo. Jumuiya hiyo hiyo ilipeleka Kivu askari, na wengine walikufa huko mbali na nyumba zao. Heshima kwao. Lakini je, nchi hizo zilizotoa vikosi ziliulizwa na Kinshasa zitoe pia viti vya masomo kwa wanafunzi wa Goma, Bukavu, Rutshuru na Masisi ambao mwaka wao wa masomo ulikatika? Kumpokea mwanafunzi 1 kwa miaka 4 ni rahisi sana kuliko kumlisha askari 1 kwa mwaka kwenye uwanja wa vita. Asilimia 5 ya Blantyre ingepata maana yake kamili hapo. Ni jambo ambalo ubalozi unaweza kuanza nalo kwa barua.

Viti ambavyo Congo haikalii

Upande wa sayansi hali ni ya kusikitisha zaidi, kwa sababu huko hakuna hata ahadi iliyovunjwa. Congo haimo tu. Katika jangwa la Karoo, Afrika Kusini ilizindua mwaka 2018 darubini ya redio ya MeerKAT yenye masahani 64, na sasa inajengwa kubwa zaidi, SKA. Nchi 8 za Afrika ziliingia kama washirika: Botswana, Ghana, Kenya, Madagascar, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Msomaji asidhani ni mambo ya kuangalia nyota tu. Vijana wa nchi hizo walipewa masomo ya kompyuta, umeme na hesabu za data nyingi, ujuzi unaohitajika katika benki na migodi. Ghana haiko hata kusini mwa Afrika, lakini imo. Congo, mwanachama wa SADC, haimo.

Vivyo hivyo kwa SASSCAL, kituo cha sayansi ya tabianchi na ardhi chenye makao Windhoek, kilichoanzishwa mwaka 2012 kwa msaada wa Ujerumani. Kina Angola, Botswana, Namibia, Afrika Kusini na Zambia. Angola na Zambia ni majirani wa Congo. Mto Chambeshi, ambao maji yake ya mbali kabisa ndiyo yanayokuwa Mto Congo, unaanzia Zambia, unapita Bangweulu na Luapula, unaingia Ziwa Mweru. Zambezi nao unaanzia karibu na mpaka wa Congo. Watu wanaopima mvua na misitu kwenye chanzo cha mto wa Congo wanakaa meza moja bila Mkongomani. Inawezekana hakuna aliyeikataza Congo. Inawezekana pia hakuna mtu Kinshasa aliyeomba.

Mvuvi wa Ziwa Tanganyika anaweza kueleza gharama ya meza hiyo tupu. Ziwa hilo ni la nchi 4: Congo, Tanzania, Zambia na Burundi, na tatu kati yake ziko SADC. Zina mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura, kutokana na mkataba uliotiwa sahihi Dar es Salaam mwaka 2003. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi hizo, uvuvi ulifungwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaane. Huko Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, familia zinazoishi kwa ndakala na mikeke ziliambiwa zingoje. Wengi walikasirika, na hasira yao inaeleweka: waliona askari wa maji kabla ya kumwona mwalimu wa kuwaeleza sababu.

Sababu zenyewe zinajulikana tangu zamani. Mbali na nyavu nyingi na zenye matundu madogo, maji ya juu ya ziwa yamepata joto. Maji ya joto ni mepesi, yanakaa juu kama mafuta, na yanazuia chakula kilicho chini kupanda hadi kwenye mwanga ambapo vimelea vidogo vinavyolisha samaki vinakua. Tafiti mbili kubwa zilizoonyesha hilo zilitoka mwaka 2003 katika majarida ya Nature na Science. Walioziandika walikuwa watafiti wa vyuo vya Ulaya na Amerika. Hakuna ubaya mgeni kupima ziwa, na kazi yao ilikuwa nzuri. Lakini Uvira ina kituo cha utafiti wa maji, CRH, chenye historia tangu wakati wa Wabelgiji. Kama watafiti wake wangekuwa na mashua, mafuta na vifaa kama wenzao, na kama wangekuwa wamezoea kufanya kazi na wale wa Mpulungu na Kigoma, mvuvi angesikia habari hiyo mapema, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu anayekutana naye sokoni. Badala yake aliisikia pamoja na amri.

Kiswahili kinaleta jambo lingine ambalo Mashariki ya Congo inalishika mkononi bila kujua. Agosti 2019, katika mkutano wa Dar es Salaam, SADC ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Afrika Kusini nayo ilikuwa imekubali mwaka 2018 kwamba Kiswahili kifundishwe shuleni kwa anayekitaka. Shule hizo zitahitaji walimu, vitabu na watafsiri. Tanzania imeshatangulia, inatafuta nafasi kwa walimu wake. Na Congo? Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake 4 za taifa kwa katiba, kinazungumzwa kutoka Kisangani mpaka Sakania, na mtu wa Bukavu anayejua Kiswahili na Kifaransa vizuri ana kitu ambacho Mtanzania wengi hawana. Ofisi za SADC huko Gaborone zinahitaji watu wa namna hiyo kuhamisha nyaraka kutoka lugha moja hadi nyingine. Taasisi za ualimu za Mashariki, zile ISP, zingeweza kuandaa watafsiri hao kwa gharama ndogo kuliko kozi nyingine yoyote. Hakuna mashine ya kununua.

Kuna onyo moja la kuzingatia kabla ya kushangilia ushirikiano. Lesotho, Botswana na Swaziland ziliwahi kuwa na chuo kikuu kimoja, chenye makao Roma, Lesotho. Kilifanya kazi vizuri kiasi, lakini Botswana na Swaziland zililalamika kwamba majengo na faida vinabaki kwa mwenye nyumba. Mwaka 1975 Lesotho ikajitoa na kuchukua chuo kiwe chake. Wanafunzi wa nchi nyingine waliondoka, na ndoto ya pamoja ikavunjika vipande vitatu. Kituo cha betri cha Lubumbashi kinaweza kufa kwa ugonjwa huo huo. Kama Zambia itaona ni kituo cha Wakongomani kinachotumia jina la majirani kuomba pesa, itajenga chake. Dawa ni kugawana tangu mwanzo: mashine fulani Lubumbashi, nyingine Kitwe, mkurugenzi wa zamu, na tezi inayosainiwa na profesa wa kila upande.

Wizara ya elimu ya juu mjini Kinshasa ina kazi chache za haraka ambazo hazingoji bajeti kubwa. Itangaze kila mwaka, kabla ya matokeo ya examen d'état, nafasi zilizopo katika vyuo vya nchi za SADC, masharti yake na malipo yake, na itangaze kwa lugha 4 za taifa. Itoe jedwali moja linaloonyesha diploma ya Congo inalingana na nini Zambia, Tanzania, Afrika Kusini na Angola, lililokubaliwa na nchi hizo, ili mwanafunzi asitembee na karatasi ambayo kila ofisi inaitafsiri kivyake. Iandike barua kwa Windhoek kuomba kiti katika SASSCAL. Wabunge wa Kivu, Tanganyika na Katanga wana haki ya kumwita waziri na kumuuliza mambo hayo matatu, na kumpa tarehe ya kurudi na majibu.